Mgambo wa kijijini: baba anajitolea, mama analipia (Sehemu ya 3)



Huku kwetu ukitaka mtoto anyamaze una majina mawili ya kumtajia: nesi mwenye sindano, au mgambo. La nesi nililimaliza sehemu ya pili, mkanicheka. Leo ni zamu ya mgambo. Ni ndefu, kwa hiyo mwenye kichanga asome huku ananyonyesha.

Tuanze na jina. Mgambo zamani haikuwa mtu. Ilikuwa ni wito, ile mbiu ya pembe inayopigwa watu wakusanyike. Ndiyo maana wazee wanasema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Baadaye jina la wito likahamia kwa watu wanaoitikia wito. Nalipenda hilo, maana linatukumbusha kazi ilianza kama nini, kabla hatujaanza kuwatishia nayo watoto.

Na sisi wa Mbinga kuitikia wito hatukufundishwa na serikali yoyote. Karne ya 19, Wangoni walipoingia kutoka kusini na kuanza kuvamia vijiji, Wamatengo walipanda milimani. Waliokuwa karibu na Litembo walijificha kwenye mapango. Ngoro zetu hizi, mashimo yanayopigwa picha na wageni, watafiti wanazihusisha na kipindi hicho: watu wengi wamebanana kwenye miteremko mikali, udongo unaporomoka, lazima itafutwe njia ya kuushika. Sasa kumbuka ngoro inavyolimwa. Mwanaume anafyeka nyasi na kuzipanga miraba. Mwanamke ndiye anayechimba udongo, kufukia nyasi na kupanda maharage. Shika hilo, nitalihitaji mbele.

Turuke hadi mwaka 1964. Tarehe 20 Januari askari wa Tanganyika Rifles waliasi pale Dar es Salaam, na Mwalimu Nyerere ikabidi aombe msaada wa Waingereza kuwatuliza. Aibu kubwa kwa nchi yenye miaka miwili tu ya uhuru. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 ikazaliwa JWTZ, ikianza na vijana waliotoka Umoja wa Vijana wa TANU na Jeshi la Kujenga Taifa. Viongozi waliondoka na somo moja: usiwaachie bunduki watu wachache wa kambini, ukadhani umemaliza ulinzi.

Mwezi huohuo, tarehe 25 Septemba, FRELIMO ilianza vita dhidi ya Wareno ng'ambo ya mto Ruvuma. Hapa ndipo historia inaingia kwetu moja kwa moja. Kwa miaka kumi mkoa wetu ulikuwa mlango wa vita. Ukisimama ufukweni Mbamba Bay na kutazama kusini, uwanja wa mapigano wa Niassa ulikuwa upande wa pili wa mpaka tu. Wakimbizi walivuka na watoto mgongoni, na kambi yao kubwa upande wa Songea ilikuwa Muhukuru. Wareno walitega mabomu ya ardhini mpakani na ndege zao zilivuka zikashambulia upande wetu. Vijiji vya mpakani vilihitaji macho usiku, na jeshi lisingeweza kumweka askari kila kijiji. Nani basi akae macho? Mkulima mwenyewe. Asubuhi jembe, jioni lindo.

Wengi wanadhani mgambo ilianzishwa ikamate wasiolipa michango. Hapana. Novemba 1970 Wareno walituma kikosi kikavamia Conakry kule Guinea, wakitaka kuiangusha serikali iliyokuwa inawasaidia wapigania uhuru. Tanzania nayo ilikuwa inawasaidia wapigania uhuru, tena kuliko karibu wote. Halafu tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin akapindua Uganda. Mwezi uliofuata TANU ikatoa Mwongozo, waraka uliosema ulinzi wa nchi ni kazi ya umma wote, na umma ufundishwe silaha. Kuanzia hapo mgambo ikawa ya nchi nzima: vijijini, viwandani, maofisini. Wanawake nao waliingia. Kuna bibi zetu walifanya kwata, mdogo wangu, usimwone anatembelea fimbo.

Lakini neno "kujitolea" hebu tulitazame kwa macho ya nyumbani. Mwanamgambo hana mshahara kwa kuwa tu mwanamgambo. Mafunzo yake hadi leo huchukua takriban miezi minne, yanafanyika hapahapa kwenye kata au tarafa, anaondoka alfajiri na kurudi amechoka. Kwa miezi hiyo nani anachimba zile ngoro? Nani anapalilia kahawa, anachota maji, na bado anaamka saa kumi kumpikia mwanafunzi wa mgambo uji? Serikali inaandika kwamba kijana fulani amejitolea. Kwa hesabu zangu za kinesi waliojitolea ni wawili, na mmoja wao ana mimba ya miezi saba. Hakuna kitabu cha historia nilichokiona kinachomhesabu huyo wa pili.

Mfano mkubwa ni vita vya Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, yakavunja daraja la Kyaka na kutangaza kwamba ile ardhi yote ya kaskazini ya mto ni ya Uganda. Tarehe 2 Novemba Nyerere akatangaza kwamba tutampiga. JWTZ ya wakati huo ilikuwa ndogo kwa vita ya namna ile, na kilichoiongezea watu haraka ni mgambo: maelfu kwa maelfu ya wakulima waliokwishafundishwa, wakaitwa, wakapewa sare, wakapandishwa kwenye mabasi na malori yaliyokusanywa kila mahali. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Tazama hiyo miezi. Novemba hadi Aprili! Ndiyo mvua zetu zote. Mahindi yanapandwa, yanapaliliwa, maharage yanafuata. Msimu mzima wa kilimo ulipita wakati wanaume wa kaya nyingi za nchi hii wako vitani, na watoto wa kaya hizo walikula kwa mkono mmoja, wa mama. Baadhi ya baba hawakurudi. Makaburi ya mashujaa yako Kaboya, wilaya ya Muleba, na kila Julai 25 taifa linawakumbuka.

Kuna upande mwingine, na nisipousema nitakuwa nawapamba. Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni lazima, na ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu awe kijijini. Mgambo wakawa mikono ya kuhamisha watu. Sehemu nyingi za nchi walihamishwa kwa nguvu, na pengine nyumba zilichomwa moto ili mtu asirudi. Yule jirani aliyekulinda dhidi ya Mreno ndiye huyo sasa amesimama mlangoni anakuambia toa vyombo. Nadhani hofu ya mgambo tunayowarithisha watoto ilianzia hapo zaidi ya mahali pengine popote.

Mwaka huohuo wa 1973, lakini, ndio wa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu kama milioni mbili walikaa kwenye vikundi kusikiliza redio na kujifunza juu ya malaria, maji safi na vyoo, kisha wakachimba vyoo kwa maelfu. Mbiu ya kijiji ilitangaza vita na ilitangaza choo. Hata leo, tukiwa na siku ya chanjo, mimi simtegemei bango. Namtegemea mwanamgambo anayepita kitongoji kwa kitongoji jioni anapaza sauti: kesho watoto wote chini ya miaka mitano. Anafika kwa mama asiyejua kusoma, na kwa bibi anayelea mjukuu huko bondeni asiye na simu.

Sasa sheria, kwa ufupi, maana hapa ndipo mama wanaonewa. Mwaka 1975 Bunge lilitunga sheria iliyompa mwanamgambo aliye kazini mamlaka ya kukamata kama ya polisi. Mwaka 1989 marekebisho ya sheria za mgambo yakawatambua na sungusungu, ulinzi wa jadi ulioanza kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu ya wezi wa ng'ombe. Sawa. Ila kukamata si kuadhibu. Mgambo akikukamata anatakiwa akufikishe kituoni. Kukuchapa, kukunyang'anya kuku kwa ajili ya mchango wa shule, kumwaga ndizi zako barabarani, hayo hakupewa na sheria yoyote. Miaka ya 1970 hiyohiyo ilitungwa pia sheria ya kumlipa fidia mwanamgambo anayeumia au kufia kazini, na hii wake zao wengi hawaijui. Kama mumeo ni mwanamgambo, muulize leo usiku jina lake limeandikwa wapi, na cheti chake kiko wapi. Kwenye sanduku la nguo zako kiwe, sio kwa rafiki yake.

Wale wa mjini mnaniambia mgambo wenu ni wale wa halmashauri wanaokimbizana na mama ntilie na wamachinga. Hao wameajiriwa au wamepewa kibarua na halmashauri, ingawa mafunzo walipitia hayohayo. Mwishoni mwa 2018 vitambulisho vya wajasiriamali vya shilingi 20,000 viliwapa wauzaji wadogo nafuu ya kutokimbizwa ovyo. Mgambo wa kijijini ni mtu mwingine. Huyu anakaa na wewe, mnachota maji kisima kimoja, mtoto wake na wako wanapima uzito siku moja. Akikuonea leo, kesho mtakutana kwenye msiba. Hicho ndicho kinachomchunga, kuliko hata sheria.

Na vijana bado wanajiandikisha. Wengi, tuseme ukweli, wanatafuta kile cheti, maana kampuni za ulinzi zinakiulizia na kinaweza kumsaidia mtu akiomba kuingia jeshini. Sioni ubaya wake. Siku hizi na mabinti wapo kwenye gwaride, baadhi wana watoto wadogo nyumbani. Binti yangu, kama unanyonyesha na unataka kwenda, nenda, lakini panga kwanza nani anabaki na mtoto. Maziwa unaweza kukamua ukaacha kwenye chombo safi chenye mfuniko, mahali pa baridi, yakanywewa ndani ya saa nne, kwa kikombe, sio chupa.

Kitu kimoja kwenye mafunzo yale kinanigusa mimi kuliko bunduki: wanafundishwa huduma ya kwanza. Kuzuia damu, kufunga mfupa uliovunjika, kubeba majeruhi. Kwenye kitongoji ambacho gari halifiki masika, hao ndio watu wa kwanza kubeba machela. Nimepokea akina mama zaidi ya mmoja walioletwa usiku wa mvua na vijana wanne wa mgambo, matope hadi magotini, mama amefunikwa koti la mmoja wao. Hawakulipwa. Waliomba maji ya kunywa, wakarudi.

Kwa hiyo mjamzito unayesoma hii, kabla hujafika miezi minane fanya hivi. Mwulize mwenyekiti wa kitongoji ni wanamgambo gani wako karibu na nyumba yako, chukua namba zao mbili, sio moja. Ulizia machela ya kitongoji iko kwa nani na kama kamba zake ni nzima. Weka na namba 115 ya m-mama, ni bure, wao wanatafuta gari la dharura. Vijana wakufikishe barabarani, gari likukute hapo. Halafu mwambie mama mkwe na wifi yako mpango wote, maana siku ya uchungu wewe hutakuwa wa kupiga simu.

Sehemu ya 4 ni Jumapili ijayo: kwa nini uji wa mtoto wa miezi sita usiwe maji matupu. Leteni maharage.