Tarakimu za Mwanzo

Mjukuu wangu anasomea uhandisi. Likizo iliyopita alikuja na kompyuta yake, akanionyesha mchoro wa pampu ya maji. Nilidhani atabonyeza kitufe tuone maji yakipita. Kumbe siku tatu nzima alikuwa akiondoa nati na maandishi yaliyochongwa juu ya pampu, na kuziba nyufa zisizoonekana kwa macho pale vipande viwili vya mchoro vinapokutana.

"Babu, mimi sihitaji chuma, nahitaji nafasi ya maji tu," aliniambia. "Ufa ukibaki, kompyuta haijui maji yanaishia wapi."

Ndipo akaigawa nafasi ile katika vyumba vidogo, maelfu kwa maelfu, ili kila kimoja kikokotolewe pamoja na jirani zake.

Nikamkumbuka Lewis Fry Richardson, Mwingereza aliyefanya kazi ya namna hiyo kwa kalamu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alibeba majeruhi kwa gari huko Ufaransa, maana yeye alikuwa Mquaker na hakutaka kushika silaha. Katika mapumziko alifanya hesabu zake. Alikuwa ameigawa ramani ya sehemu ya Ulaya katika miraba, na hewa iliyo juu yake katika matabaka 5. Akakokotoa mgandamizo wa hewa ungebadilikaje kwa saa 6 tarehe 20 Mei 1910, siku iliyokwisha pita na ambayo vipimo vyake vilikuwapo. Alipata badiliko la milibari 145! Siku ile mgandamizo ulikuwa karibu umetulia. Mwaka 1922 alilichapisha kosa hilo kitabuni bila kuficha, jambo ambalo wengi wetu tusingethubutu.

Milinganyo yake haikuwa mibovu. Miaka mingi baadaye Peter Lynch wa Ireland aliyarudia mahesabu yale kwa kompyuta, akasawazisha kwanza vipimo vya mwanzo, na jibu likakaribia ukweli.

Katika miaka ya 1980 nilisahihisha mtihani wa hisabati wa mwanachuo mmoja. Alikuwa amenakili vibaya tarakimu moja ya swali, kisha akafanya kila hatua sawasawa. Jibu lilichekesha. Nililisoma mbele ya darasa, wenzake wakacheka, nami nikampa sifuri. Muhula uliofuata hakurudi. Sikuuliza sababu, na mkuu wa chuo nilikuwa mimi.