Utumwa, Fiqhi na Dola: Jawabu kwa Vijana wa Sigino



Ndugu zetu vijana wa Sigino, mjini Babati, wametuletea swali ambalo huulizwa pia Kondoa, Tanga na Zanzibar. Wanasomeshwa kuwa biashara ya utumwa Afrika Mashariki ilikuwa kazi ya Waarabu na Waislamu, na kwamba Wazungu ndio walioikomesha. Wenzao wakiwauliza, "Mbona dini yenu iliuza watu?", wengine hunyamaza, na wengine hujibu kuwa hayo yote ni uzushi wa wakoloni. Kwa rai yetu, kunyamaza si jawabu, na kukanusha ni uongo. Tutaanza na upande wetu wenyewe, kwani Muislamu ameamrishwa kusimamisha uadilifu hata dhidi ya nafsi yake.

Waliouzwa walikuwa nani?

Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya Wafaransa katika visiwa vya Bahari ya Hindi. Karne iliyofuata, mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yakawa mnunuzi mwingine mkubwa. Wengi waliofikishwa Kilwa walitoka nchi za Ziwa Nyasa. Kutoka Bagamoyo, njia kuu ya misafara ilikwenda Tabora na Ujiji kwa kupitia Ugogo, kusini ya nchi hii ya Wagorowa. Kondoa nako wafanyabiashara wa pwani walifanya kituo, na hapo ndipo Uislamu ulipopata mizizi kwa ndugu zetu Warangi.

Watu hao walipatikana kwa njia gani? Wapo waliovamiwa vijijini usiku, waliotekwa katika vita vya watemi kwa watemi, waliouzwa kwa deni au kwa njaa, na watoto walioibwa njiani. Hapa ndipo penye uzito wa mas'ala haya.

Hukumu ya fiqhi

Kanuni ya mafaqihi ni kuwa asili ya mwanadamu ni uhuru, na anayedai kuwa fulani ni mtumwa wake ndiye mwenye kutakiwa kuleta ushahidi. Uislamu uliukuta utumwa dunia nzima. Ukafunga milango ya kumtia mtu huru utumwani, ukaacha mmoja tu, nao ni mateka wa vita halali vilivyo chini ya kiongozi wa Waislamu, na hata huyo anaweza kuachiwa bure au kwa fidia. Upande wa kutoka, milango ilifunguliwa mingi: kafara ya kiapo, kafara ya kuua kwa makosa, fungu la Zaka, na mukataba wa mtumwa kujikomboa. Ama anayemuuza mtu huru akala thamani yake, Mtume (s.a.w.) ametuonya katika Hadithi aliyoipokea Bukhari kuwa hasimu wa mtu huyo Siku ya Kiyama ni Mwenyezi Mungu Mwenyewe.

Basi mtoto aliyeibwa kandokando ya Ziwa Nyasa akauzwa Kilwa, kisha Unguja, hakuwa mtumwa kisheria hata siku moja. Alikuwa mtu huru aliyedhulumiwa, na mauzo yake ni batili hata yakirudiwa mara kumi. Rai hii si ya kuwafurahisha watu wa leo. Karibu mwaka 1615 mwanachuoni Ahmad Baba wa Timbuktu aliandika kuwa weusi wa ngozi si sababu ya utumwa. Mwaka 1846 Ahmad Bey wa Tunis aliufuta utumwa katika nchi yake kwa hoja za kisheria, miaka miwili kabla ya Ufaransa kuufuta katika makoloni yake, na miaka 19 kabla ya Marekani.

Kwa hiyo wenzetu wa pwani hawakukosa elimu. Walikuwa na misikiti, vitabu na makadhi. Walichokosa ni uchamungu mbele ya faida, na jambo hilo hatuna haki ya kulificha.

Na Dola je?

Sasa tuwatazame waliosema wamekuja kukomesha. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la Zanzibar, akiwa ametishiwa na manowari za Waingereza. Lakini utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria Unguja na Pemba hadi mwaka 1897, miaka saba baada ya Uingereza kuchukua himaya ya visiwa hivyo. Hata hapo mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake, fidia akalipwa bwana, na masuria wakangoja hadi mwaka 1909.

Mwaka 1887 Tippu Tip, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe na watumwa, alipewa ugavana wa Stanley Falls kule Kongo. Aliyemwajiri ni Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyejinadi kuwa adui wa utumwa.

Mwaka 1889 Bunge la Ujerumani lilitoa mark milioni 2 kwa ajili ya kuzuia biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani. Fedha hizo ziliendesha vita vya Wissmann, na Abushiri bin Salim akanyongwa Pangani mwaka huo huo. Mwaka 1892 msafara wa Oscar Baumann ulipita Umbugwe na Ziwa Manyara, jirani kabisa na Babati. Aliyeugharimia ni Kamati ya Kijerumani ya Kupinga Utumwa, na jina la Kamati hiyo limo katika anwani ya kitabu chake cha mwaka 1894. Kilichofuata katika nchi hii ni kodi na kazi za kulazimishwa. Utumwa wa majumbani Wajerumani hawakuufuta. Walitangaza tu kuwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 ni huru. Ulifutwa Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Jawabu letu

Enyi vijana, mkiulizwa tena, semeni hivi: waliouza watu huru walivunja sheria ya dini yao wenyewe, na waliokuja kwa jina la ukombozi walichukua nchi kwanza, uhuru wa mtumwa ukafuata nyuma. Dhulma ya hawa haifuti dhulma ya wale.

Kisha tujihesabu. Ikiwa asili ya mtu ni uhuru, ana hoja gani anayemkataa mposaji mwenye dini na tabia njema kwa kuwa bibi yake aliletwa na msafara? Na binti anayetolewa kijijini kwenda kufanya kazi za ndani mjini, asilipwe ujira wala kuruhusiwa kurudi kwao, tofauti yake na yule wa Kilwa ni ipi? Wa Kilwa hatuwezi tena kuwarudishia haki yao. Huyu wa leo tunaweza.

Wallahu a'lam.