Zizi la Mnyaturu lililowagombanisha wasomi wa uchumi

Kila mwaka chama cha wasomi wa anthropolojia ya uchumi nchini Marekani hushindanisha insha za wanafunzi, na tuzo ya mshindi imepewa jina la Harold K. Schneider. Mmarekani huyo alipata umaarufu wake Singida, kwenye mazizi na mashamba ya uwele ya Wanyaturu, ambako alifanya utafiti mwaka 1959 na 1960. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo, *The Wahi Wanyaturu: Economics in an African Society*, kilichapishwa mwaka 1970. Imeshapita zaidi ya nusu karne, na mji uliokizaa haujakipigia hata kigelegele.

Ni kitabu kinachostahili kelele kidogo. Kilichukua kaya za tawi la Wahi, moja ya matawi matatu ya Wanyaturu, kikazitumia kama ushahidi katika ugomvi mkubwa wa kitaaluma: je, kanuni za uchumi zinazofundishwa vyuoni zinamhusu na mtu asiye na duka, benki wala mshahara? Schneider alijibu kwamba zinamhusu sana. Waliompinga hawakuwa watu wadogo.

Kodi, nyuki na minada

Hakuwa wa kwanza kuiandika Singida. Ofisa wa Kijerumani Eberhard von Sick alichapisha maelezo marefu juu ya Wanyaturu mwaka 1915, miaka michache baada ya wenzake kukabiliana na upinzani wa mwaka 1908 chini ya Liti, yule mama anayesimuliwa mpaka leo kwamba aliwatumia Wajerumani makundi ya nyuki. Wajerumani walileta kodi, na kodi ikamlazimisha mwenye ng'ombe kutafuta senti. Waingereza waliorithi nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaendeleza kodi na minada. Katika miaka ya 1940 Singida ikavuma kwa jambo jingine kabisa, mauaji ya "watu-simba", mkasa ambao Schneider naye aliuandikia makala mwaka 1962.

Serikali ya kikoloni ilimtoza kodi mfugaji huyu bila kumwelewa. Lawama zake zilikuwa zile zile kutoka wilaya hadi wilaya: ana ng'ombe wengi kuliko nyasi, hauzi mpaka abanwe, anaipenda mifugo yake kupita kiasi. Dawa iliyopendekezwa ilikuwa kupunguza mifugo. Lawama hizo zilikuja kupata msomi wa kuegemea, na hapo ndipo kisa chenyewe kinaponoga.

Mwanafunzi amgeuka mwalimu

Msomi huyo ni Melville Herskovits. Mwaka 1926 alichapisha, kwa sehemu nne katika jarida la *American Anthropologist*, utafiti wake wa udaktari juu ya ng'ombe wa Afrika Mashariki. Aliuandaa Chuo Kikuu cha Columbia, chini ya mwalimu wake Franz Boas, kwa kusoma maandishi ya wamisionari, maofisa na wasafiri. Afrika Mashariki yenyewe alikuwa hajaikanyaga. Kutoka maktabani alichora picha ya ukanda mzima ambamo ng'ombe ndiye anayefunga ndoa, anayebeba matambiko na anayempa mtu heshima, ilhali chakula cha kila siku kinatoka shambani.

Herskovits alikuwa akieleza mila. Watawala na mabwana mifugo walipoisoma kazi yake, waliona ndani yake ugonjwa wa akili: mfugaji amerogwa na ng'ombe, kwa hiyo hawezi kufikiri kibiashara. Tafsiri hiyo ilidumu kuliko makala yenyewe, na ukisikiliza baadhi ya hotuba za leo juu ya wafugaji utaisikia bado inapumua.

Herskovits akawa mtu mkubwa. Mwaka 1948 alianzisha programu ya masomo ya Afrika katika Chuo Kikuu cha Northwestern, na miongoni mwa wanafunzi aliowalea alikuwamo Schneider. Kijana huyo akaenda Kenya, kwa Wapokot, akapata udaktari wake mwaka 1953. Mwaka 1957, katika jarida lile lile lililompa mwalimu wake jina, akaandika kwamba mambo aliyoyaona Upokot hayafanani na picha ile. Wapokot walikuwa wakiishi kwa ng'ombe wao: maziwa, damu na nyama. Matambiko yenyewe, yaliyodhaniwa kuwa ushahidi wa ibada ya ng'ombe, yalikuwa njia ya kuwapatia watu nyama mara kwa mara. Ng'ombe wa tambiko aliliwa kama ng'ombe mwingine yeyote.

Mgongano huo uliendelea mpaka baada ya mauti. Herskovits alifariki mwaka 1963. Mwaka uliofuata kilitoka kitabu alichokihariri pamoja na Mitchell Harwitz, *Economic Transition in Africa*, na ndani yake mna insha ya Schneider kuhusu uchumi wa jadi wa Afrika Mashariki, inayosema kwamba ng'ombe alikuwa akifanya kazi ambazo wachumi wanazijua kuwa ni kazi za fedha. Mwanafunzi alimpinga mwalimu ndani ya kitabu cha mwalimu, na mwalimu alikuwa ameruhusu. Ustahimilivu wa namna hiyo ungefaa kuigwa katika kumbi zetu za vyuo.

Hesabu za Wahi

Hoja hiyo ilipata misuli Singida. Wapokot aliowasoma Schneider walimwonyesha ng'ombe kama chakula. Wanyaturu walimwonyesha ng'ombe kama mtaji. Walikuwa wafugaji na wakulima kwa wakati mmoja, na kazi hizo mbili zilifungwa pamoja na samadi. Mvua ya hapa ni ya msimu mmoja na udongo huchoka upesi. Shamba la uwele au mtama lisilopata samadi halikawii kumwaibisha mwenyewe, ndiyo maana mashamba bora yalikuwa yale yanayoizunguka tembe na zizi.

Kutoka hapo mzunguko unajieleza. Mwenye ng'ombe wengi ana samadi nyingi, na mwenye samadi analima eneo kubwa bila kulichosha. Nafaka inayozidi mahitaji ya kaya inabadilishwa kwa mbuzi, mbuzi kwa mtamba, na mtamba anazaa. Ukija mwaka wa njaa, nafaka hupanda thamani na mifugo hushuka. Aliyejaza vihenge vyake ananunua ng'ombe kwa bei ya kutupa. Mvua zikirudi, aliyenunua anajikuta na kundi linaloongezeka. Nafaka hiyo hiyo ikipikwa pombe huwaita majirani shambani, kwa hiyo inanunua kazi. Na kundi likitosha kwa mahari, mwanamume anaoa mke wa pili au wa tatu, na kila mke ni mikono mingine ya kulima.

Schneider aliyaandika yote hayo kwa lugha ya mchumi: akiba, uwekezaji, bei, mtaji, faida. Uzazi wa kundi aliuona kuwa ndiyo riba yake. Kwa mtazamo huo, mzee aliyekataa kuuza mtamba mnadani alikuwa na sababu ambayo meneja yeyote wa benki angeielewa. Shilingi aliyokuwa akipewa haizai sandukuni. Mtamba anazaa zizini, na samadi yake inalisha shamba. Kuuza ni jambo la dume, la ng'ombe mzee, au la siku kodi inapobisha hodi.

Vita ya kambi mbili

Wakati Schneider akiwa na madaftari yake ya Singida, wasomi walikuwa wamegawanyika. Kambi moja ilimfuata Karl Polanyi, aliyesema katika *The Great Transformation* ya mwaka 1944 kwamba soko linalojiendesha lenyewe ni jambo la juzi juzi, na kwamba katika jamii nyingi za kale uchumi ulizama ndani ya undugu, dini na siasa. Mfuasi wake George Dalton akasisitiza mwaka 1961 kuwa kanuni zilizotungwa kwa ajili ya soko la viwanda hazifai kuelezea jamii hizo. Paul Bohannan naye alitoa mfano wa Wativ wa Nigeria: chakula kilibadilishwa kwa chakula, vitu vya heshima kwa vitu vya heshima, na haki za ndoa zilikuwa na duara lake.

Kambi ya pili ilisema binadamu popote alipo ana mahitaji mengi na uwezo mdogo, kwa hiyo anachagua, na uchaguzi unaweza kupimwa. Schneider alikuwa mmoja wa majemadari wake. Mwaka 1968, pamoja na Edward LeClair, alihariri mkusanyo mkubwa wa insha za pande zote mbili. Kisha akashusha mfano wa Wanyaturu: hapa ngazi ya kutoka nafaka kwenda mbuzi, mbuzi kwenda ng'ombe na ng'ombe kwenda ndoa ilikuwa wazi kwa mwenye juhudi na bahati.

Nyumbani Tanzania, kitabu kilitoka katika majira yasiyokifaa. Mwalimu Nyerere alikuwa ameandika mwaka 1962 kwamba ujamaa una mizizi katika jamii ya jadi ya Kiafrika, na Azimio la Arusha lilikuwa na miaka mitatu tu. Msomi anayedai kwamba mkulima wa Singida alikuwa akilimbikiza mtaji tangu enzi za babu zake hakuwa akiimba wimbo wa wakati ule. Baadaye, katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, kaya ziliposogezwa mbali na mashamba yao ya samadi, ile hesabu ya zizi na shamba ilivunjwa. Sidhani kama kuna aliyepanga vijiji akiwa amekisoma kitabu hicho, ingawa kingempunguzia makosa.

Lakini Schneider hakuwa adui wa usawa. Katika kitabu chake cha mwaka 1979, *Livestock and Equality in East Africa*, alidai kwamba pale ng'ombe wanapokuwa wengi wakilinganishwa na watu, hakuna mkubwa anayeweza kuuhodhi utajiri. Mali inayotembea kwa miguu yake inaweza kuhamishwa, kukopeshwa na kufichwa kwa rafiki. Kwa maoni yake, ndiyo sababu jamii kama Wanyaturu hazikuwa na mtemi mmoja wa nchi nzima. Usawa wao ulitokana na kila mmoja kuwa na chake. Ilikuwa hoja ya kuwaudhi mabepari na wajamaa kwa pamoja.

Mwaka 1980 akawa rais wa kwanza wa chama kile cha anthropolojia ya uchumi. Alifariki mwaka 1987.

Mama asiyeonekana kwenye daftari

Kitabu cha pili kinachopaswa kusomwa pamoja na hiki ni *The Long Path* cha Marguerite Jellicoe, kilichochapishwa Nairobi mwaka 1978 na kinachohusu mabadiliko ya jamii huko huko Wahi. Ndiye pia aliyeandika mwaka 1969 juu ya upinzani wa Wanyaturu wa zama za Liti. Pale Schneider anapoona bei, Jellicoe anaona mahusiano na matambiko, na wanawake wake wana sauti.

Tofauti hiyo inalifichua shimo katika hesabu za Schneider. Mwanamke anaingia kwenye daftari lake kama nguvukazi iliyopatikana kwa mahari, halafu faida inaandikwa kwa jina la mume. Anapalilia, anavuna, anapika pombe inayowaita wapalilizi, ila mizania haina mstari wake. Mwalimu Nyerere, ambaye hakuwa mchumi, alilitaja tatizo hili waziwazi mwaka 1967 katika andiko lake la ujamaa vijijini, alipokiri kuwa nafasi duni ya mwanamke ilikuwa kasoro ya jamii ya jadi.

Baada ya hapo

Miaka iliyofuata ilileta tafiti za aina nyingine, zenye madodoso na kompyuta. Taasisi ya utafiti ya REPOA imekuwa ikichunguza umaskini tangu miaka ya 1990, na tafiti za FinScope zimekuwa zikipima tangu 2006 jinsi Watanzania wanavyoweka akiba na kukopa. M-Pesa ilifika nchini mwaka 2008. Alizeti imeupa mkoa jina jipya, na kuku wa kienyeji wa Singida wanaliwa mpaka Dar es Salaam. Mkulima wa alizeti anayeamua auze sasa au angoje bei ipande anapiga hesabu ya jamaa yule wa vihenge, na mama mwenye kuku wake na hisa za VICOBA anakuza mtaji unaozaa.

Hata hivyo anapokwenda kuomba mkopo mkubwa huulizwa hati ya nyumba. Zizi halihesabiki. Na mfugaji anaendelea kuambiwa apunguze mifugo na watu ambao hawajamuuliza anapata nini kwa kubaki nayo. Swali la malisho ni la kweli, kwa sababu ardhi haiongezeki, lakini huwezi kumshawishi mtu aache uwekezaji kabla hujamwonyesha mwingine unaozaa zaidi.

Singida inajua kuenzi. Uwanja wa mpira uliokuwa ukiitwa Namfua leo unaitwa Liti, na ni heshima iliyostahili. Vitabu vya Schneider na Jellicoe vinastahili heshima ya kusomwa: sura chache zitafsiriwe kwa Kiswahili, ziwekwe mahali ambapo watoto wa Wahi wanaweza kuzifikia na kuzibishia. Mji una kampasi ya Taasisi ya Uhasibu Tanzania, yenye vijana wanaofundishwa kukagua vitabu vya wengine. Waanze na hiki cha Schneider, na hoja ya kwanza ya ukaguzi iwe ile ya mama wa Kinyaturu, aliyefanya nusu ya kazi za shamba au zaidi na hakuandikiwa senti. Mmarekani alithibitisha kwamba babu zao walijua kuhesabu. Nani alikuwa akifanya kazi iliyohesabiwa ni jambo linalosubiri mtafiti wa kutoka Singida.