Somo la Dripu na Homa

Huenda umepata kumwona mtoto mwenye homa kali, anahema kwa shida, mikono imekuwa baridi. Zamani waganga wa hospitali walifundishwa kumtia maji mengi ya dripu kwa haraka, ili damu ifike kwenye figo na ubongo. Mwaka 2009 jambo hilo likaanza kupimwa katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na kwetu Muheza, kwa watoto 3,141. Januari 2011 likasimamishwa. Waliotiwa maji kwa haraka walikufa karibu 11 katika kila 100 ndani ya saa 48. Wasiotiwa hivyo, 7. Watoto wa kuharisha hawakuhusika. Wao maji ndiyo uhai. Basi tukumbuke: hata tiba iliyozoewa yapasa kupimwa.