Debe la kahawa lina lita ngapi?

Msimu wa mavuno ukifika katika mashamba ya kahawa yaliyosalia kati ya Ruiru na Thika, vibarua hawaulizani wamechuma kilo ngapi. Mmoja atauliza, "Mama, leo umefikisha ngapi?" Mwenziwe atajibu, "Saba." Hakuna anayeuliza saba ya nini. Ni madebe. Mkulima mdogo anapopeleka kahawa yake katika kiwanda cha ushirika hupimiwa kwa mzani, lakini kibarua wa shamba kubwa huhesabiwa ujira wake kwa debe. Na debe kila mtu analijua. Au tuseme, kila mtu anadhani analijua.

Hebu tulichunguze neno hili, maana limebeba mambo mengi kuliko kahawa. Asili yake ni Uhindi, ambako neno dabba na jamaa zake humaanisha kopo au kasha. Huku kwetu debe lilikuwa kopo la bati la pembe nne lililoleta mafuta ya taa. Mafuta yakiisha, kopo halikutupwa. Lilichotewa maji, likahifadhiwa nafaka, na lilipochakaa likakunjuliwa likaezekwa paa. Lugha nayo haikulitupa: tunawapigia debe wagombea, tunaelekea debeni kupiga kura, na mwenye maneno mengi tunamwambia kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Kwa kuwa lilikuwa kila mahali na lilikuwa la ukubwa mmoja, chombo kikageuka kipimo.

Lakini je, lilikuwa kweli la ukubwa mmoja? Hapa ndipo hesabu inapoingia. Katika makoloni ya Waingereza debe lilichukuliwa kuwa galoni 4. Galoni hiyo ilitungwa kwa sheria ya mwaka 1824, ikawekwa kuwa nafasi inayojazwa na ratili 10 za maji. Kwa vipimo vya leo ni lita 4.546. Ukitaka kukumbuka kwa urahisi, galoni 2 ni lita 9 na ushei. Kwa hiyo debe la galoni 4 ni lita 18 na ushei, au 18.2 kwa mtu anayetaka usahihi.

Wamarekani, ambao pia walisafirisha mafuta ya taa duniani kote, hawakuifuata sheria hiyo ya 1824. Walibaki na galoni ya zamani ya mvinyo, iliyowekwa Uingereza mwaka 1707 enzi za Malkia Anne, ambayo ni lita 3.785 tu. Makopo yao yalipakiwa mawili katika kila kasha la mbao, na kila kopo lilikuwa na galoni 5 za Kimarekani. Zidisha: ni karibu lita 18.9. Tayari basi tuna madebe mawili yenye jina moja, na moja limelipita jingine kwa zaidi ya nusu lita.

Kisha likaja la tatu. Katika Vita vya Pili vya Dunia, majeshi ya Uingereza yaliyopigana katika jangwa la Afrika Kaskazini yalibeba petroli kwa makopo membamba ya galoni 4, ndugu wa debe letu. Yalipasuka na kuvuja ovyo. Wajerumani walikuwa na chombo imara cha lita 20, na Waingereza walipokiteka walikipenda, wakakiiga. Kwa kuwa askari wa Uingereza walimwita Mjerumani "Jerry", chombo kikaitwa jerikeni. Baada ya vita jerikeni likaenea, bati likageuka plastiki, na Kenya huru ikaacha galoni na maili ikashika lita na kilomita. Leo muuza maji wa Ruiru anajaza mtungi wa lita 20, na ukimwambia "nijazie debe" hatashangaa. Debe la bati limekufa, ila jina lake limerithiwa na chombo kikubwa zaidi.

Mtu atasema, tofauti ya lita moja na kitu ina uzito gani? Na tupige hesabu. Mchumaji anayejaza vyombo 10 vya lita 20 amechuma lita 200. Lita hizo hizo, zikipimwa kwa debe la galoni 4, ni madebe 11. Akilipwa kwa madebe 10, basi debe moja zima amelichuma bure, na hakuna aliyemdanganya kwa maneno. Aliambiwa debe, akajaza debe. Kilichobadilika ni chombo, na jina halikutoa taarifa.

Waswahili wa pwani waliijua hatari hii zamani, kabla ya galoni na lita. Walipima nafaka kwa kibaba na pishi, na vibaba 4 vilitimiza pishi moja, ambayo ni kama nusu galoni ya Kiingereza, yaani lita 2 na robo hivi. Hadi leo zaka ya fitri hutajwa kwa pishi. Ila hawakuishia kutaja kibaba. Walitofautisha kibaba cha tele na kibaba cha mfuto. Cha tele ni kile kilichojazwa hadi nafaka ikafanya kichuguu juu ya ukingo. Cha mfuto ni kile kilichofutwa kikawa sawa na ukingo. Mnunuzi na muuzaji walijua wanapatana juu ya kipi kabla mkono haujaingia guniani.

Maneno hayo mawili tumeyaacha yafifie, na sasa ndipo tunapoyahitaji. Buni mbivu hurundikana. Debe la tele na debe la mfuto si kitu kimoja, hata vyombo vikiwa pacha. Mchumaji anayeambiwa "ongeza kidogo, halijajaa" ilhali buni zimefika ukingoni, anatakiwa debe la tele kwa bei ya debe la mfuto. Akilipata jina la jambo hilo, ataweza kulihoji.

Sisemi tulifute neno debe. Ni letu, na limetufaa sana. Ninachosema ni kwamba debe peke yake ni chombo, wala halijawa kipimo mpaka maswali mawili yajibiwe asubuhi, kabla ya tunda la kwanza kuanguka kikapuni: ni la lita ngapi, na ni la tele au la mfuto?