Mashahidi Wawili wa Gesi Ing'aayo

Msomaji, bila shaka umepata kuona taa ya mrija wa kioo ikiwaka. Ndani yake hamna utambi wala moto. Mna gesi kidogo tu, ambayo baadhi ya atomu zake zimenyang'anywa elektroni kwa nguvu za umeme, zikawa ayoni. Mchanganyiko huo huitwa plazima. Je, utapimaje kitu usichoweza kukishika, ambacho hutoweka mara umeme ukatwapo?

Habari hii yaanzia Ujerumani. Mwaka 1857 fundi wa vioo mjini Bonn, Heinrich Geissler, alitengeneza mirija iliyoondolewa hewa karibu yote. Umeme ulipopita ndani, gesi iliyosalia iling'aa kwa rangi za kupendeza, na wengi wakaifanya tamasha. Lakini punde si punde, mjini Heidelberg, Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff walionyesha kwamba nuru ya kila elementi, ikigawanywa kwa kioo cha pembe tatu, ina mistari yake yenyewe ya rangi. Basi nuru ikawa shahidi wa kwanza. Iliweza kusema ni gesi gani iliyomo, pasipo mtu kuigusa.

Shahidi wa pili alikuwa waya. Wataalamu walitia waya mwembamba ndani ya gesi, wakasoma volti zake, wakadhani ndizo volti za mahali pale. Walikosea. Irving Langmuir, wa maabara ya General Electric mjini Schenectady, Marekani, alieleza sababu. Elektroni ni nyepesi, nazo zina mbio kuliko ayoni; kwa hiyo huuvamia waya kwa wingi na kuufanya uwe hasi. Waya ule ulikuwa ukitoa habari za gesi pamoja na habari zake wenyewe.

Mwaka 1924 Langmuir na Harold Mott-Smith walieleza njia iliyo bora. Volti za waya hubadilishwa hatua kwa hatua, mkondo wa umeme hupimwa kila hatua, kisha grafu huchorwa. Mwinamo wa grafu hiyo hudhihirisha joto la elektroni. Hapo ndipo penye ajabu: elektroni zaweza kuwa na joto la digrii zaidi ya 10,000, hali mrija waweza kushikwa kwa mkono! Kwa kuwa ni nyepesi mno, elektroni zikigonga atomu nzito huzipa joto kidogo sana. Mwaka 1928 Langmuir aliipa gesi ya namna hii jina la plazima.

Hata leo waya na nuru hutumiwa pamoja, shahidi mmoja akimsahihisha mwenziwe. Nawe utiapo kipimajoto baridi katika maji machache ya moto, kumbuka kwamba kipimo kimekwisha kuyapoza kidogo. Usiulize tu kipimo kinasema nini. Uliza pia kimebadili nini.