Sofi, Lakiri na Tarakimu: Hesabu za Biashara Kaskazini ya Ziwa Tanganyika

Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Uvira kwa mitumbwi mwezi wa Aprili 1858, waliikuta ndiyo kituo cha mwisho cha kaskazini ambacho wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamepata idhini ya kukifikia. Na hapo pembe za ndovu, watumwa, nguo za magome na vyombo vya chuma vilikusanywa vikavushwa Ujiji, na kutoka Ujiji vikaenda Tabora, na kutoka Tabora hata Unguja. Wageni wale walishughulika zaidi na Mto Ruzizi, kama unaingia ziwani au unatoka, jambo ambalo Livingstone na Stanley walilikata kwa macho yao Novemba 1871 walipouona unaingia. Lakini kwa mwenye kufuatilia biashara, la ajabu lilikuwa jingine: mali ile ile, katika safari moja, ilibadili hesabu yake karibu kila kituo. Unguja pembe ilipimwa kwa frasila na thamani yake ikaandikwa kwa reale. Njiani ikahesabiwa kwa doti na shuka za merikani na kaniki. Na ilipofika ukingoni mwa ziwa, shanga ndizo zilizosema.

Siku hizi kijana anayeanza kujifunza namna ya kuunganisha mifumo ya kompyuta ya shirika kubwa hukutana na mushkili huo huo, ingawa aghalabu hautambui. Ghala ina programu yake, wahasibu wana yao, mishahara ina yake, na ya forodha imeletwa na serikali. Na kijana hudhani kazi yake ni kutafuta njia ya kuzipitisha habari kutoka huku kwenda kule. Njia ni jambo jepesi. Zito ni kwamba kile ghala inachokiita mzigo, mhasibu anakiita deni, na forodha inakiita tamko, wala hakuna kati yao aliyekosea.

Soko la Ujiji lilikuwa na dawa yake, na msafiri Mwingereza Cameron, aliyefika huko mwaka 1874, aliieleza vizuri. Shanga zilizotumika pale ziliitwa sofi, na umbo lake lilifanana na vipande vya shina la kiko lililovunjika. Soko lilipoanza, watu wenye mifuko iliyojaa sofi waliwapa wanunuzi kwa kubadilishana na shanga za namna nyingine. Na soko lilipokwisha, wakazipokea tena kutoka kwa wauzaji, wakapata faida asubuhi na wakapata faida jioni. Muuza samaki hakulazimika kujua bei ya kila shanga iliyotoka pwani, maadamu aliijua sofi. Wajenzi wa mifumo wana hesabu inayoonyesha ubora wa mpango huo: mifumo kumi, ikiungana kila mmoja na kila mwenziwe, yahitaji viungo 45, ikikutana yote kwa mpatanishi mmoja wa kati, viungo kumi vinatosha. Lakini mpatanishi huyo anakula pande zote mbili, na siku asiyofika, soko zima limekwama.

Juu ya soko palikuwa na mkopo. Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja, alimkopesha Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe, bidhaa za safari zilizochukua miaka, na katika muda huo wote kilichowaunganisha mwenye mali na mwenye msafara ni barua na dhamana ya jina, basi.

Kisha zikaja dola za kikoloni, nazo zilipenda kuunganisha kwa amri. Reli ya Wadachi kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma Februari 1914. Vita Kuu ya Kwanza ikawaleta Wabelgiji mpaka huko. Na mapatano ya tarehe 15 Machi 1921 baina yao na Waingereza yakawapa Wabelgiji viwanja vya bandari Dar es Salaam na Kigoma, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ndiyo Belbezi ya wakongwe wetu. Shehena ya Kongo, ikiwa imetiwa lakiri, ilipita Tanganyika bila kutozwa ushuru wala kufunguliwa. Huu ulikuwa muungano wa busara: hakuna aliyemtaka Mwingereza ajue yaliyomo, ilitosha aiheshimu lakiri. Muungano wa faranga ulikuwa wa namna nyingine. Sheria ya mwaka 1925 iliifungamanisha Ruanda-Urundi na utawala wa Kongo, nayo sarafu ilikuwa moja pande zote za Ruzizi. Na mtawala alipoondoka, Kongo ikiwa huru mwaka 1960 na Burundi mwaka 1962, sarafu hiyo moja haikunusurika. Atokaye upande wa Kongo leo kwenda kununua bidhaa Bujumbura huhesabu kwa faranga ya Kongo, faranga ya Burundi na dola ya Marekani, tena bila kalamu.

Forodha za Kongo na Burundi zote zinatumia Sydonia, programu iliyotengenezwa na shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, na wapo wanaodhani kwamba programu ikiwa moja basi mambo yameungana. Sivyo, kwa kuwa kila dola ina daftari lake na jedwali lake. Kilichoungana kweli ni kidogo zaidi na chenye nguvu zaidi: orodha ya dunia ya majina ya bidhaa, iliyoanza kutumika mwaka 1988, ambayo tarakimu zake sita za mwanzo ni za wote, na zinazofuata ni za kila nchi kwa shauri lake. Sukari, iwe ya Kiliba karibu na Uvira au ya ng'ambo, huanza na 1701. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Lakini karani wa mpakani Kavimvira, upande wa Kongo, na karani wa Gatumba, upande wa Burundi, walikuwa wamekwisha kukubaliana juu ya sukari ni nini zamani kabla ya hapo. Juu ya ushuru wake ni mas'ala mengine, na programu yoyote itakayowekwa baina yao italazimika kuibeba hitilafu hiyo kama ilivyo.